Jengo la Mhandisi Limepotelea Wapi? Na Maswali Mengine ya Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliokwama katikati ya mradi. Nimekaa zaidi na zile zenye kina, na zile ambazo jibu lake ni moja nimezijibu upesi. Mnaoniandikia kuhusu BIM, yaani kusanifu kwa modeli inayobeba taarifa za jengo pamoja na umbo lake, tajeni kila mara programu mnayotumia na toleo lake. Bila hayo nabaki kubahatisha, na sipendi kumbahatishia mtu mwenye jengo linalosubiri.

Shikamoo, Mwalimu. Ofisi yetu inatumia Revit. Mhandisi wa nguzo na mihimili anatumia programu nyingine na anatuletea faili la IFC, ule muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu tofauti. Tulipoliunganisha na modeli yetu hatukuliona. Tulipotazama kila kilichomo tukalikuta kama nukta, mbali kabisa na jengo, tena limepinda. Tunalisogeza kwa mkono likakaa sawa, lakini kila anapoleta jipya tunaanza upya. Isitoshe, mistari yake inatetemeka kwenye skrini na mikato haitoki vizuri. — Msanifu kijana, ofisi ndogo

Marahaba, mwanangu. Kwanza acheni kulisogeza kwa mkono. Mnapofanya hivyo mnaficha tatizo lililomo ndani ya faili lake, na siku watu wa mabomba na wa umeme nao watakapoleta modeli zao, kila jengo litakuwa na uwanja wake.

Kwa dalili ulizonieleza, mhandisi amejenga modeli moja kwa moja juu ya namba za mpima ardhi. Namba hizo huhesabiwa kutoka mbali sana. Kona ya kiwanja inaweza kuwa mita 4,812,350 kuelekea kaskazini. Igeuze iwe milimita, unapata tarakimu kumi. Sasa, sehemu kubwa ya uchoraji kwenye skrini hufanywa kwa namba zinazohifadhi takriban tarakimu saba za maana. Zile tatu za mwisho zinapotea, na hizo ndizo zinazotofautisha uso mmoja wa ukuta na mwingine. Ndiyo maana mistari inatetemeka na mikato inaharibika. Revit inataka umbo lote la jengo likae ndani ya kilomita 16 kutoka asili yake ya ndani, ile nukta isiyohama wala kufutika. Jengo la mhandisi wenu liko maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Kupinda ni jambo jingine. Ninyi mmesanifu jengo likiwa limenyooka na karatasi, kama tufanyavyo wengi. Yeye ameliweka kama litakavyokaa juu ya ardhi, kwa kufuata kaskazini halisi. Kila upande una sababu yake, ila hamkukaa pamoja kabla ya kuanza.

Dawa ni hii. Jengo lenu libaki karibu na asili ya ndani. Unganisheni mchoro wa mpima ardhi, katikati kwa katikati, kisha uhamisheni na kuuzungusha mchoro huo, si jengo, mpaka mipaka ya kiwanja ikae panapostahili. Hapo iambieni programu ichukue koordineti kutoka kwenye mchoro huo. Kuanzia hapo modeli inajua mahali ilipo juu ya ardhi, na umbo lake halijahama hata milimita moja. Baada ya hapo asiguse mtu yeyote nukta ya upimaji, ipigeni pini.

Kisha andikeni karatasi moja yenye namba nne: mashariki, kaskazini na kimo cha makutano ya mstari wa gridi A na mstari wa 1, pamoja na pembe kati ya kaskazini ya mradi na kaskazini halisi. Mpeni mhandisi. Mwombeni ajenge modeli yake karibu na asili ya programu yake, makutano hayohayo yakiwa mahali palepale, na zile namba kubwa aziweke kwenye taarifa za mahali tu. Hapa toleo la IFC lina uzito. IFC2x3, ambalo bado linatumika sana, lina nafasi ya latitudo, longitudo na kimo cha uwanja pamoja na mwelekeo wa kaskazini halisi, basi. IFC4 lilileta kipengele kiitwacho IfcMapConversion, kinachohifadhi mashariki, kaskazini, kimo na mzunguko mahali pamoja, huku umbo la jengo likibaki na namba ndogo. Kama programu zenu zote mbili zinasoma IFC4, tumieni hilo.

Mwisho, wekeni alama. Katika modeli za hospitali ninayoiratibu sasa, kila fani inaweka piramidi ndogo kwenye makutano ya A na 1, ncha yake ikigusa sakafu ya chini. Modeli ikifika, kabla ya kutazama kingine chochote, natazama piramidi. Zikilaliana, naendelea. Zisipolaliana, faili linarudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Piramidi inaonyesha upande na kimo kwa pamoja, kwa hiyo hata aliyegeuza jengo juu chini anajulikana. Fanyeni jaribio hilo na kila fani wakati modeli zikiwa na gridi na ukuta mmoja tu, kabla hapajawa na kitu cha kuumiza moyo.

Ndugu mwandishi, mteja ameweka kwenye mkataba kwamba modeli yote iwe LOD 500 wakati wa kuomba kibali. Timu yangu inafanya kazi usiku ikichora hadi vitasa vya milango. Je, tunaweza kufika? — Mkuu wa ofisi ya usanifu

Hamwezi kufika, mwenzangu, na si kwa sababu ya uvivu. LOD ni ngazi za kueleza kitu kilichomo kwenye modeli kinaweza kuaminiwa kiasi gani. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani, AIA, kiliziweka kwenye waraka wake wa E202 mwaka 2008: 100 ni wazo la ukubwa na mahali, 200 ni makadirio, 300 ni umbo na vipimo mahususi, 400 ni maelezo ya kutosha kutengenezea. BIMForum, jukwaa la Marekani la watumiaji wa BIM, ilipotoa mwongozo wake mwaka 2013 iliongeza 350, kwa ajili ya kuratibu fani zinapokutana. Ngazi ya 500 haina maana ya undani kupita 400. Ina maana kwamba kitu kimejengwa, na kimehakikiwa uwanjani. Jengo lisilochimbwa msingi halina LOD 500 hata ukichora skrubu za bawaba.

Nenda kwa mteja na jambo hilo, kwa heshima, kabla timu yako haijachoka kabisa. Usiende kumwambia kwamba amekosea. Nenda umuulize atatumia modeli kwa kazi gani. Mara nyingi anayeandika 500 kwenye mkataba ana hofu ya haki kabisa: anataka, jengo likikamilika, mtunzaji wake ajue pampu ipi iko wapi na inahitaji huduma lini. Hilo linawezekana, kwa wakati wake, na kwa vitu vichache: pampu, feni, mbao za umeme, milango ya moto. Viwango vyenyewe vimeelekea huko. ISO 19650, iliyotoka mwaka 2018, haizungumzii LOD. Inazungumzia kiwango cha taarifa kinachohitajika. Na kiwango cha Ulaya EN 17412-1 cha mwaka 2020, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na ISO 7817-1 mwaka 2024, kilitaka kabla ya kuomba taarifa yoyote useme mambo manne: ni ya kazi gani, inatakiwa hatua gani, nani anaitoa na nani anaipokea, na ni ya kitu kipi. Tengenezeni jedwali la safu hizo nne, mlijaze pamoja na mteja. Nimeona mikataba mizito ikilainika mezani kwa jedwali hilo, kwa sababu mteja mwenyewe hana analotaka kufanya na kitasa wakati wa kibali.

Na vitasa vilivyokwisha kuchorwa, viondoeni. Nasema hivi nikijua kazi iliyoingia humo. Mkadiriaji majenzi akivikuta ataamini mmechagua kitasa hicho, atakihesabu na kukitia bei. Kila kitu kilichomo kwenye modeli ni kauli ya msanifu, na mtu mwingine ataitegemea.

Mwalimu, faili letu la Revit ni zito mno. Kulifungua ni kusubiri, kusawazisha nakala zetu na faili kuu ni kusubiri, kubadili mwonekano ni kusubiri. Bosi amenunua kompyuta zenye viini vingi vya prosesa, na hatuoni tofauti. — Mchoraji mwandamizi

Mngeona tofauti kubwa zaidi kwa prosesa yenye kasi kubwa kwa kila kiini, kwa sababu kazi nyingi za Revit hupita kwenye kiini kimoja kimoja. Kumbukumbu nayo ina umuhimu; mwongozo wa zamani wa kukadiria ni mara 20 ya ukubwa wa faili, yaani faili la megabaiti 700 linataka takriban gigabaiti 14 kwa ajili yake peke yake, kabla hujafungua kingine. Lakini kwa uzoefu wangu uzito umo ndani ya faili.

Tafuteni kwanza michoro ya CAD, yaani ya mistari iliyochorwa kwa kompyuta, iliyoingizwa badala ya kuunganishwa. Iliyounganishwa mnaweza kuizima au kuiondoa yote mara moja. Iliyoingizwa inakaa, na mtu akiipasua inamwaga mistari, aina za mistari na hachi (michoro ya kujazia) zake ndani ya mradi wenu, na zinafuata kila faili mtakalonakili kutoka hapo. Mkikuta aina za mistari zenye majina yanayoanza na IMPORT, mmeshapata ushahidi.

Pili, familia, yaani vitu vilivyo tayari kama viti na milango, zilizoshushwa kutoka kwa watengenezaji wa vifaa. Watengenezaji huzitoa kutoka kwenye michoro yao ya kiwandani, na kiti kimoja kinakuja na nyuzi za kila skrubu. Kiweke kwenye ukumbi wa watu 400 na skrubu zote zinakuja mara 400. Tengenezeni kiti chenu rahisi, chenye vipimo sahihi na jina la bidhaa kama taarifa; anayetaka skrubu ataikuta kwenye karatasi ya mtengenezaji. Hapo hapo tazameni familia zilizojengwa ndani ya mradi badala ya kwenye faili lake. Hizo zinafaa kwa kitu kinachotokea mara moja tu. Mkizinakili, kila nakala programu inaihesabu upya kama kitu kipya.

Tatu, maonyo. Yale ambayo watu huyafunga bila kusoma yanahifadhiwa, na kuna mengine programu inayarudia kuyapima kila mara. Sisemi myafute yote. Anzeni na vitu viwili vilivyolaliana mahali pamoja, maana hayo yanaharibu pia hesabu za vifaa, kisha vyumba viwili vilivyomo ndani ya mipaka ileile. Fungueni faili kuu kwa ukaguzi, safisheni visivyotumika, rudieni kusafisha, kisha hifadhini kwa kubana. Na kila mtu atengeneze nakala mpya ya kwake asubuhi badala ya kufungua ya zamani.

Hayo yote yakishafanyika na bado ni zito, ligaweni jengo: ngozi ya nje faili lake, mambo ya ndani lake. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Nimemtumia mhandisi faili la IFC. Analalamika kuwa hawezi kurekebisha kuta zangu na kwamba nusu ya vitu havina jina. IFC si ndiyo lugha ya pamoja ya programu zote? — Msanifu wa Archicad

Ni ya pamoja, ndugu yangu, ila kwa kusoma zaidi kuliko kuhariri. Kazi ya IFC ilianza katikati ya miaka ya 1990 chini ya muungano ambao leo unaitwa buildingSMART, na tangu mwaka 2013 ni kiwango cha ISO, namba 16739. Ukitoa faili unachagua pia mtazamo wake, yaani kazi linayokusudiwa. Ule wa uratibu wa IFC2x3, na ule wa rejea wa IFC4, vimetengenezwa ili mwingine aone, apime, alinganishe na asome taarifa. Havikukusudiwa mwingine akuvutie ukuta wako. Na ni vizuri iwe hivyo: ukuta ni wako, unauwajibikia wewe. Mhandisi akitaka usogee, akuandikie, usogeze wewe, utoe faili jipya.

Lakini katika lalamiko la pili ana haki. Vitu visivyo na jina ni vile ulivyovichora kwa zana ya umbo huru bila kuvipa darasa. Programu haijui kama ni ngazi au kabati, inavitoa kama IfcBuildingElementProxy, maana yake kitu fulani tu. Vipe darasa kabla ya kutoa. Kwa kuta, hakikisha seti ya taarifa iitwayo Pset_WallCommon imejazwa angalau mambo matatu: kama ni ya nje, kama inabeba uzito, na inahimili moto kwa muda gani. Hayo matatu ndiyo mhandisi na mkaguzi wa moto wanayoyatafuta mwanzo. Tena hakikisha utambulisho wa kila kitu haubadiliki unapotoa faili upya. Mwenzako anategemea tarakimu na herufi zile 22 kujua ukuta wa leo ndio wa juzi.

Kisha lifungue faili lako kwenye programu nyingine, isiyo ile uliyolitolea, kabla ya kulituma. Mimi situmi IFC ambayo sijaitazama kwa macho ya mpokeaji.

Kuna habari njema mbili upande huu. Toleo la IFC 4.3 limekubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2024, na limeingiza barabara, reli, madaraja na bandari. Wanaosanifu vituo vya treni wataacha kuita reli mhimili. Na mwaka huohuo buildingSMART ilikamilisha IDS 1.0, faili dogo linaloandika mahitaji ya taarifa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuikagua modeli yenyewe. Mhandisi wako angeweza kukupa IDS isemayo kila ukuta wa nje uwe na muda wa kuhimili moto, nawe ukajua umekosa wapi kabla hajafungua faili. Nimefurahi sana na hili. Mwombeni kila anayewapa masharti ya modeli ayaandike hivyo.

Programu ya ukaguzi imetoa migongano, yaani mahali vitu vya fani mbili vinapoingiliana, zaidi ya 6,000. Nimeituma orodha yote kwa timu, hakuna aliyejibu. — Mratibu mpya

Wala mimi nisingejibu, mwanangu. Bomba moja likipita chini ya dari na kugusa mihimili 30, programu inaandika migongano 30, na tatizo ni moja: bomba liko chini mno au juu mno. Kazi ya mratibu ni kuikunja orodha hiyo iwe maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu. Weka kiwango cha kuvumilia, milimita 10 au 20, ili kugusana kidogo tu kusihesabiwe. Pima fani mbili kwa mara moja, sehemu moja kwa mara moja. Anza na hewa dhidi ya mihimili kwenye korido, maana njia za hewa ni kubwa na hazina pa kukimbilia. Mabomba ya maji taka yafuate, kwa kuwa yanahitaji mteremko na hayapandi. Nyaya za umeme ziache mwisho, hizo hupinda. Kila swali litume kwa BCF, ule muundo ulioanzishwa na kampuni za programu Tekla na Solibri, unaobeba picha, mahali pa kamera, maoni na utambulisho wa vitu vinavyohusika bila kubeba modeli. Mpokeaji anabofya anasimama palepale uliposimama wewe. Na kila swali liwe na jina la mtu mmoja.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu. Nijifunze programu gani, na kama sina fedha ya leseni? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwanangu, wanafunzi hupewa Revit na Archicad bure kwa masomo, kwa hiyo anza kwa kuuliza chuoni. Kama kompyuta yako ni ya Apple, Revit haikubali humo moja kwa moja, Archicad inakubali. Lakini nakusihi upakue pia FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 limekuja na eneo la kazi la BIM ndani yake, au Bonsai, iliyoitwa BlenderBIM hapo awali, inayohariri IFC yenyewe bila kuigeuza. Zote ni za bure na chanzo chake kiko wazi. Ndani ya Bonsai utaona jinsi ukuta unavyoshikamana na ghorofa, na ghorofa na jengo, na jengo na uwanja. Mtafiti wa Marekani Chuck Eastman alikuwa na wazo hilo katika miaka ya 1970, kabla ya Revit na Archicad kuzaliwa. Ukilielewa, kuhama programu ni kujifunza vitufe tu.

Toleo jipya la Revit limetoka na bosi anataka tuhamishe mradi wiki hii. Tuko katikati ya michoro ya ujenzi. — Bila jina

Msihamishe. Faili likishahifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, na wahandisi wenu wote wanaounganisha modeli hiyo watalazimika kuhama siku ileile au kubaki nje. Kurudi kupitia IFC kutawapa umbo, lakini familia, majedwali na karatasi za michoro mtazipoteza. Toleo la programu liandikwe kwenye mpango wa utekelezaji wa BIM mwanzoni mwa mradi, na libadilike kwa makubaliano ya fani zote, baada ya hatua kukabidhiwa na kabla ya nyingine kuanza. Kama mtu ameshafungua faili kuu kwa toleo jipya, mwambieni afunge bila kuhifadhi. Kama ameshahifadhi, simamisheni kusawazisha, chukueni nakala ya akiba ya jana yake kutoka kwenye seva, na kila mwenye nakala yake ambayo haijasawazishwa aihifadhi kwa jina jingine kwanza. Kazi ya leo ihamishwe humo kwa kunakili na kubandika, mtu mmoja baada ya mwingine.